Maji ya bomba yamebadilika? Anzia kwenye kikombe, urudi nyuma hadi mlimani

Simu ninazopigiwa masika huku Mbeya huanza vilevile: "Fundi, shikamoo. Maji yamechafuka." Nikishaitikia nauliza: yamechafukia wapi? Kwenye koki ya nje, kwenye simtanki, au kwenye ndoo ya kunywa? Hapo kimya kinaingia. Mtu ameona rangi kwenye kikombe, akaamua papo hapo kwamba mamlaka ya maji imeleta tope. Mara nyingine ni kweli. Lakini nimeshakuta nyumba nyingi ambazo maji yalifika getini yakiwa mazuri, yakaharibikia ndani ya uzio, na familia ikanung'unika miezi mizima bila kufungua mfuniko wa tanki lake.

Kwa hiyo kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, fanya kazi moja ya dakika tano. Tafuta glasi tatu za kioo, uzioshe vizuri. Ya kwanza ijaze kwenye koki iliyo karibu kabisa na dira, yaani mita ya maji, maji yakiwa hayajapita kwenye simtanki. Kama huna koki hapo, panda juu ya tanki, bonyeza boya, ukinge yanayoingia. Ya pili ijaze kwenye koki ya jikoni. Ya tatu chota kwenye ndoo mnayonywea. Zipange juu ya karatasi nyeupe dirishani, uziangalie, uzinuse. Usionje.

Ya kwanza ikiwa safi na ya pili chafu, kosa liko kwenye simtanki au kwenye mabomba ya nyumba. Mbili za kwanza zikiwa nzuri na ya tatu mbaya, kosa ni la ndoo, kata au mikono. Zote tatu zikiwa chafu, nenda kwa jirani mwenye laini yake, ukinge glasi moja pale. Ikiwa na yake ni hivyohivyo, sasa unaweza kupiga simu kwa mamlaka ukiwa na la kusema.

Yanatoka wapi

Sehemu kubwa ya maji ya Jiji la Mbeya huzaliwa juu ya vichwa vyetu. Safu ya milima ya Mbeya, pamoja na Loleza inayouinamia mji, hunasa mvua za Novemba hadi Mei na kuziachia kidogokidogo kupitia chemchemi na vijito: Nzovwe, Sisimba, Ivumwe na vingine. Maji mengi hushuka yenyewe kwa mteremko. Mji umekua kuliko chemchemi, na ndiyo sababu ukaanzishwa mradi wa kuvuta maji ya Mto Kiwira kutoka upande wa Rungwe.

Iringa ni habari nyingine. Mji umekaa juu, mto uko bondeni. Maji ya Ruaha Mdogo, unaotokea nyanda za Mufindi, husafishwa Ndiuka kisha husukumwa kwa pampu kupanda mjini, na chemchemi ya Kitwiru huongezea. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mitaa ya juu ndiyo ya kwanza kuisikia.

Tofauti hii ni muhimu unapotafuta kosa. Maji ya chemchemi yamechujwa na ardhi kabla ya kuliona jua. Maji ya mto yamepita mashambani, madarajani, penye ng'ombe wanaonyweshwa na akina mama wanaofua. Mtambo wa maji ya mto huyatia shabu, ileile waliyotumia wazee kutuliza tope kwenye mtungi, ili chembe zishikane mabonge na kuzama. Kisha huyapitisha kwenye mchanga, kisha huyatia klorini. Maji ya chemchemi mara nyingi huhitaji hatua chache, lakini klorini yanaihitaji vilevile. Ile kauli kwamba maji ya mlimani hayana haja ya dawa nimeisikia tangu utotoni, na inanitia hofu kila ninapoisikia, kwa sababu chemchemi ikishafunguka ikawa kijito, haina ulinzi tena kuliko mto.

Meupe kama maziwa

Hii inaogopesha wengi na ndiyo isiyo na madhara. Iache glasi mezani dakika mbili tatu. Weupe ukianza kutoweka kutoka chini kwenda juu, ni hewa. Maji baridi yenye presha hubeba hewa nyingi, na yakitoka kwenye koki hewa inajitenga kwa vipovu vidogo sana. Utaiona zaidi Juni na Julai, maji yakiwa ya kukata vidole, na kila mara maji yanaporudi baada ya mgao, kwa sababu bomba lilikuwa limejaa hewa. Kunywa bila wasiwasi, kama kawaida yako ni kuyachemsha kwanza.

Weupe ukishuka chini na kuacha unga kwenye kitako cha glasi, hiyo si hewa. Ni udongo mwepesi au chokaa. Endelea kusoma.

Kahawia, mekundu au tope

Hapa kuna magonjwa matatu yanayofanana sura.

La kwanza ni kutu. Dalili yake ni kwamba maji ya kwanza ya asubuhi ni ya rangi ya chai, kisha yanatakata baada ya dakika chache za kufungua. Yamelala usiku ndani ya bomba kuukuu la chuma. Nyumba za zamani zina mabomba ya namna hiyo ndani ya kuta. Ukitaka kuthibitisha kuna madini ya chuma, pika chai ya rangi: ikigeuka nyeusi kama wino badala ya kuwa nyekundu, umepata jibu, maana majani ya chai hugombana na chuma. Shirika la Afya Duniani linasema chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, nguo na masinki huanza kupata madoa. Kwa kiwango hicho hakikuui, ila kinaharibu shati la shule. Dawa ni kubadilisha kile kipande cha bomba la chuma. Kusafisha tanki hakutasaidia.

La pili ni tope la kushtukia. Maji yalikuwa mazuri jana, leo ni kahawia mtaa mzima. Ama bomba kuu limepasuka na kutengenezwa, ama maji yamerudi kwa nguvu baada ya kukatika na kukwangua ukoko uliotulia ndani ya mabomba. Funga koki ya kuingilia tanki, fungua koki ya nje iliyo chini kabisa, acha yatoke hadi yatakate, ndipo ujaze. Kosa kubwa linalofanyika ni kuacha boya lipokee yale maji ya mwanzo: tope linaingia kwenye simtanki, linakaa chini, na wiki tatu baadaye bado unalalamika ilhali bomba la mtaa lilishatakata siku ileile.

La tatu ni tope la masika lenyewe, linalokuja kila mvua kubwa na kukaa siku kadhaa. Hili linatoka juu. Udongo wetu wa volkeno ni mwepesi na wenye rutuba, na ndiyo maana watu wanalima hadi mdomoni mwa kijito. Kule Iringa na Njombe vinyungu, yaani vishamba vya bondeni, vinalisha familia kiangazi, naelewa. Lakini jembe likifika kwenye ukingo, mvua ya kwanza inaleta shamba lote bombani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na vyanzo vingine vya maji. Mita 60 ni zaidi kidogo ya nusu ya uwanja wa mpira. Pita kwenye kijito chochote cha karibu nawe uhesabu hatua mwenyewe.

Tope la masika lina ubaya mmoja usioonekana: chembe za udongo huvificha vijidudu visifikiwe na klorini, na hula sehemu ya dawa yenyewe. Maji yakiwa ya tope, yaache yatulie kwenye ndoo usiku mzima, mimina ya juu taratibu, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, ndipo uchemshe au utie dawa. Kutia kidonge kwenye tope ni kujidanganya.

Yanakatika, yakirudi yananuka

Kama ungenipa nafasi ya kusema jambo moja tu kwa kila mwenye nyumba, ningesema hili.

Bomba likiwa na maji yenye presha, tundu dogo linatoa maji nje. Presha ikiondoka, bomba linakuwa tupu, na kwenye mji wa miteremko kama wetu maji yanayokimbia kwenda chini yanavuta nyuma yao. Sasa lile tundu linanyonya. Linanyonya chochote kilicholizunguka: maji ya mtaro, maji ya shimo la karo, maji ya choo cha shimo kilichochimbwa jirani. Maji yakirudi, uchafu ule unasukumwa mbele moja kwa moja hadi kwenye koki ya kwanza itakayofunguliwa. Mtambo ulifanya kazi yake vizuri, chanzo ni safi, na bado unakunywa maji ya mtaroni.

Toka nje leo ukaangalie bomba lako linapita wapi kutoka dira hadi nyumbani. Mabomba mengi ya poli, yale ya plastiki, yametandazwa ndani ya mtaro wa maji ya mvua kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuchimba. Yamekwanguliwa na majembe, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli pale yalipopasuka. Mpira wa baiskeli unazuia maji kutoka. Kuzuia mtaro kuingia, hauwezi.

Kujua kama una tundu upande wako, funga koki zote za nyumba na ya simtanki, kisha itazame dira kwa robo saa. Ile nyota ndogo au mkono mwekundu ukizunguka ilhali hakuna anayetumia maji, kuna mahali panavuja kati ya dira na nyumba. Fuata mstari wa bomba ukitafuta majani mabichi wakati wa kiangazi, au ardhi laini. Fukua, kata kipande kibovu, unga kwa soketi ya kukaza, na ukiweza lihamishe bomba lipite juu ya mtaro, ndani ya bomba lingine kubwa la kulikinga. Likipita karibu na choo cha shimo, liondoe kabisa pale.

Uvujaji ulio kabla ya dira, au barabarani, si wako kuutengeneza, ila ni wako kuutolea taarifa siku hiyohiyo. Watu huona maji yanatiririka njiani na kusema ni hasara ya mamlaka. Siku ya mgao, tundu lile ni mlango.

Na maji yanaporudi, mtu asikinge ya kunywa katika dakika za mwanzo. Ya kwanza ni ya kusuuza choo na kuosha veranda.

Yananuka dawa

Harufu ya klorini ni habari njema iliyokuja na sura mbaya. Shirika la Afya Duniani linataka klorini iliyobaki kwenye koki ya mtumiaji isipungue miligramu 0.2 kwa lita, ili iwepo ya kupambana na kitakachoingia njiani. Nyumba iliyo karibu na tenki la mamlaka huisikia zaidi, na ya mwisho wa laini huenda isiisikie kabisa. Huyo wa mwisho ndiye wa kuwa na wasiwasi. Ikikukera, weka maji ya kunywa kwenye jagi pana lililofunikwa kwa kitambaa safi kwa saa chache, harufu itapungua. Harufu ikiwa kali ghafla na macho yakawasha, piga simu uulize, usiyanywe siku hiyo.

Harufu ya udongo, ukijani, utelezi

Glasi ya kwanza safi, ya pili inanuka shimo. Ni simtanki, usitafute mbali.

Mama mmoja wa Ilomba aliniita, wajukuu wake walikuwa wanaharisha, wapone, waharishe tena. Aliponiona tu akasema, "Mwanangu, hili bomba la mtaa huu limeoza." Koki ya dira ilitoa maji mazuri. Nikapanda. Mfuniko ulikuwa umepeperushwa na upepo wa Agosti, ukawekewa bati na jiwe, na ndani kulikuwa na mjusi aliyekwisha kuwa mifupa. Alikaa kimya muda mrefu yule mama. Hakuwa na kosa: tanki liko juu ya mnara wa mbao wa mita nne, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba linapaswa kufunguliwa.

Tanki lenye rangi hafifu linalopitisha mwanga huotesha ukijani, hasa likipigwa jua. Lenye mfuniko usiofunga hukaribisha ndege, mijusi na mbu. Na bomba la kutoka likiwekwa chini kabisa, kila ukifungua koki linavuta tope. Litoke sentimita chache juu ya kitako, na pawe na koki nyingine ya kumwagia uchafu.

Kusafisha, mara mbili kwa mwaka, mwanzo na mwisho wa masika: mwaga maji yote, sugua kuta kwa brashi na maji bila sabuni, suuza, mwaga. Jaza upya, kisha tia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, iliyoandikwa asilimia 3.5, kiasi cha lita moja na nusu kwa tanki la lita 1,000. Fungua kila koki ya nyumba hadi usikie harufu, zifunge, acha usiku kucha. Waambie wote nyumbani kwamba maji hayo si ya kunywa wala kuoga. Asubuhi yamwage mbali na bustani na kuku, jaza maji mapya, suuza mara moja zaidi.

Chembe nyeusi ndogo zinazotoka koki moja tu ni washa ya mpira iliyochakaa. Badilisha washa. Zikitoka koki zote na kuacha utelezi mweusi unaopakika vidoleni, huenda ni madini ya manganizi, na hapo maji yapelekwe kupimwa.

Sabuni haitoi povu, birika lina ukoko

Maji ya mlimani kwa kawaida ni mepesi na sabuni inafanya povu mara moja. Kama umechimba kisima, hasa kuelekea Songwe kunakochimbwa mawe ya chokaa, utakuta ugumu. Hayana madhara kwa mwili, yanakula sabuni tu. Siki ya moto huondoa ukoko wa birika.

Ni maangavu, na bado watoto wanaharisha

Dalili hii haionekani kwenye glasi. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara havina rangi wala harufu. Maji yanayong'aa kama kioo yanaweza kuwa navyo, na maji yenye kutu yanaweza kuwa hayana hata kimoja. Mtoto akiharisha maji mfululizo, mpe maji ya chumvichumvi na umwahishe kituo cha afya, uchunguzi wa bomba usubiri.

Kisha anza na ndoo. Je, ina mfuniko? Inachotwa kwa kikombe kinachoshikwa na kila mkono? Nunua ndoo yenye koki, hutakuwa na haja ya kutumbukiza chochote. Nimeona kuhara kukikoma kwa ndoo hiyo tu.

Halafu kuchemsha. Huku kwetu juu maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwenye takriban nyuzi 94. Kitulo, kwenye mita 2,600, ni kama 91. Ndiyo sababu maharage ya Uporoto yanakaa jikoni tangu asubuhi. Vijidudu hufa katika joto hilo, ila vipe muda. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, hesabu dakika moja ukiwa mjini, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000, yaani Makete, Kitulo na vijiji vya juu vya Uporoto. Kuona mvuke na kuepua hakutoshi. Yapozee kwenye chombo hichohicho, kimefunikwa.

Ukitumia vidonge vya klorini, fuata kipimo cha pakiti na usubiri nusu saa. Msimu wa baridi, maji yakiwa ya kugandisha mikono, subiri saa nzima, kwa sababu klorini hufanya kazi polepole kwenye baridi. Fahamu pia kwamba kuna vijidudu vya kuhara vyenye ganda gumu visivyojali klorini. Vinaogopa moto.

Yanatoka kidogokidogo

Angalia koki ya dira kama imefunguliwa yote, safisha chujio dogo la dira na la koki ya jikoni, na jaribu koki ya chini kabisa ya uwanja. Kama ya chini ina nguvu na ya juu haina, ni mwinuko, utahitaji tanki la chini na pampu. Usiifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Inalinyonya bomba la jirani, na kupitia tundu lolote inanyonya na mtaro.

Kupima na kupiga simu

Mamlaka za maji za Mbeya na Iringa zina wahudumu wa ubora wa maji, na Wizara ya Maji ina maabara zake katika miji yote miwili, zinazopokea hata sampuli za visima vya watu binafsi kwa malipo. Usipeleke maji kwenye chupa ya soda. Kwa kipimo cha vijidudu, omba chupa yao iliyotakaswa, fungua koki dakika chache, jaza bila kugusa mdomo wa chupa, weka kwenye kikapu chenye barafu, fikisha siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa sita. Jibu unalolitaka kwenye mstari wa E. coli, kijidudu kinachoonyesha kuwa kinyesi kimeingia, ni sifuri katika mililita 100. Omba nakala ya majibu uyatunze, masika ijayo utakuwa na cha kulinganisha.

Ukipiga simu kutoa taarifa, wape namba ya mita yako, saa mabadiliko yalipoanza, kama maji yalikuwa yamekatika kabla, na kwamba umeshajaribu koki ya dira na ya jirani. Piga picha ya ile glasi ya kwanza kwenye karatasi nyeupe. Mhudumu akiambiwa hivyo anajua atume gari la kuziba bomba au mtu wa kumwaga maji mwisho wa laini, na hatakujibu akuulize kama umesafisha tanki.